Kofia Juu ya Taa Nyekundu

Kitendawili. Nina ngamia mchanga: nikimfunga kutwa anaharibika, nikimkimbiza anaharibika, na kiu yake si ya maji peke yake. Ni nani huyo? Umeshindwa? Usinipe mji bado. Mfuate Kabale kwanza, huenda jibu ukakutana nalo njiani.

Kabale alikuwa msichana wa Gredi ya Sita mjini Isiolo. Kila alfajiri aliamshwa na mngurumo wa pikapu ya baba yake, Doyo, pale uani. Injini ya zamani ilikuwa imekufa, na sasa pikapu ilikuwa na injini mpya kabisa, iliyotoka kwenye sanduku ikinukia rangi. Fundi Wakiuru alipomaliza kuifunga alimwambia Doyo, "Mzee, hii bado mbichi. Izoeshe kwanza, usiikimbize."

Sasa Doyo alikulia malishoni, na kwake yeye kuzoesha kulikuwa na maana moja tu. Ngamia mchanga wa mizigo hufungwa kwanza karibu na watu, asikie kelele za watoto na sufuria mpaka aache kuogopa. Mzigo huja baadaye. Basi asubuhi na jioni aliiwasha pikapu akaiacha ingurume palepale, haiendi mbele wala nyuma, huku Akko, nyanya yake Kabale, akikohoa na kulalamika kwamba nyumba imegeuzwa jiko.

Diba, kaka mkubwa wa Kabale, alikuwa akicheka tu. Magari ya siku hizi, alisema, hutoka kiwandani yakiwa yameshafunzwa kila kitu, na mzee anaiatamia injini kama kuku anayeatamia mayai.

Safari ya Sericho ilipokaribia, Doyo alimtuma Diba na pikapu achote maji Burat, nje kidogo ya mji. Dada wa Akko aliishi Sericho, na bwawa la huko lilikuwa limekauka, kwa hiyo walimpelekea maji. Kabale alikwenda kusaidia kushika mitungi. Walipomaliza kuijaza, Diba hakurudi nyumbani. Alikata kona akaishika barabara ya Marsabit, lami nyeusi iliyonyooka hadi macho yanachoka.

"Leo tutajua kama ni injini au ni kitoto," alisema, akakanyaga.

Injini ililia sauti ambayo Kabale hakuwahi kuisikia. Mitungi iligongana nyuma. Alishika kiti kwa mikono miwili, akafumba macho. Alipoyafumbua, Diba alikuwa amevua kofia yake na kuiweka juu ya dashibodi, mbele ya usukani. Kabale alimuuliza kwa nini. Diba akasema jua linamchoma macho. Lakini jua lilikuwa ubavuni mwao.

Waliporudi, Diba alimvuta kando. Alimwambia kwamba akifungua mdomo, yeye Diba hatashika usukani tena maisha yake yote, na kosa litakuwa la Kabale. Jioni ile baba aliuliza kama injini iko sawa.

"Si unaisikia mwenyewe, Aabo?" Diba alijibu.

Hilo halikuwa jibu, na Kabale alijua hivyo. Aliinama juu ya sahani yake, akatafuna ugali usio na ladha.

Asubuhi wakaondoka. Doyo alishika usukani, Akko akakaa mlangoni, na Kabale katikati yao. Diba alipanda nyuma, juu ya mitungi. Doyo aliendesha polepole, akipiga mluzi. Mji ulipoachwa nyuma, harufu ikaanza kuingia, harufu ya kikaango kilichosahauliwa motoni. Akko alinusa, akauliza ni nani anayechoma nini huko porini. Doyo akasema labda ni wachoma makaa.

Kabale alitazama kioo cha pembeni. Moshi wa samawati ulikuwa ukiwafuata barabarani. Na Diba alikuwa ameketi ndani ya moshi huo, amejifunga shuka puani. Kwa hiyo alikuwa anaona. Angeweza kugonga paa la gari mara moja tu baba asimame, lakini hakugonga.

Kabale alijua mbele kuna Kulamawe na maduka yake madogo, na baada ya hapo ni mwendo mrefu usio na duka, wala kivuli, wala mtu wa kumuuliza. Miguu ya Akko haikuweza kutembea hata hadi sokoni. Tena pikapu ile ndiyo iliyowalisha. Alijiambia kwamba atasema wakifika kwenye mti ule. Wakaupita. Akajiambia atasema wakivuka lile korongo. Wakalivuka.

Kulamawe, Doyo alisimama kununua sukari ya wenyeji wao. Alirudi, akaketi, akatia ufunguo. Kabale akaufunika mkono wa baba yake kwa mkono wake.

"Aabo, usiwashe."

Maneno yakatoka yote kwa pamoja: barabara ya Marsabit, kilio cha injini, kofia, moshi. Doyo alishuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Alikifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha ilikuwa imelowa kidogo tu, nyeusi kama lami; oili ilikuwa karibu kwisha.

Alimpigia Fundi Wakiuru, akaweka simu kwenye spika ili wote wasikie. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Jana, taa nyekundu ya oili iliwaka? Kama haikuwaka, ongezeni oili mrudi pole pole. Kama iliwaka, vyuma vimesuguana vikavu. Msiiwashe tena hata mara moja. Nitakuja na lori niivute, niifungue, na itapona. Lakini mkiiwasha tena, imekwenda hiyo."

Doyo alisema leo, kwa mwendo wa pole, haikuwaka. Kabale alisema ya jana hajui, alikuwa amefumba macho. Wote wakamgeukia Diba. Diba akaangalia barabara.

Doyo akakohoa. "Fundi, mimi pia nina langu. Uliniambia niizoeshe. Nimekuwa nikiiacha ingurume uani, kama ngamia wa kufungwa."

Wakiuru alishusha pumzi. Akasema kosa hilo ni lake pia, kwa kuwa hakueleza. Kweli, injini za siku hizi huchongwa vizuri kuliko za zamani, lakini pete zake za chuma na ukuta wa silinda bado havijajuana. Injini ikinguruma imesimama, pete hazikai mahali pake, na oili inapenya na kuungua. Ikikimbizwa, inachemka na kujikwaruza. "Inatakiwa itembee, Mzee. Mara haraka kidogo, mara pole, mzigo mwepesi, na oili iangaliwe kila siku na kubadilishwa mapema."

"Kumbe ngamia huyu tulimkosea sote," Akko alisema. Alimshika Kabale bega. "Huyu mtoto alichelewa, lakini amesema kabla hatujafika kule kusiko na mtu. Injini haiwezi kutuambia inaumwa wapi. Inawasha taa, inatoa moshi, basi. Aliyeona ndiye anayepaswa kuisemea. Ukweli ukitoka mapema unaumiza mtu mmoja kidogo. Ukifichwa, unatuacha wote jangwani." Kisha akamwangalia mjukuu wake wa kiume. "Diba, maji yatafika Sericho kwa lori lolote litakalopita. Fundi bado anakungoja."

Doyo alinyoosha simu. Diba alishuka kutoka juu ya mitungi, akavua kofia, akaikunja mkononi.

"Iliwaka, Fundi," alisema. "Iliwaka, nikaifunika kwa kofia hii."