Wembe Uliofungwa Mafundo Saba

"Nani anafunga wembe mafundo saba?"

Mke aliuliza hivyo jioni ile, nguo ya mteja ikiwa bado mapajani na sindano mdomoni. Mumewe alikuwa anahangaika na fundo la kwanza. Wifi yake, aliyekuja likizo kutoka chuoni, alikuwa anamcheka kaka yake. Swali lenye akili kuliko yote yaliyowahi kuulizwa ndani ya nyumba ile liliachwa lipoe kama chai ya mgeni aliyeondoka, na sababu yake haina fumbo: aliyeuliza ni mshonaji, mke wa mtu, na aliyeulizwa alikuwa na furaha ya kununua kitu rahisi.

Mume alikuwa karani wa mapokezi hotelini. Meneja wake alikuwa na tabia ya kuwapitishia wafanyakazi mgongo wa kidole shavuni kila asubuhi, kama anayekagua vumbi juu ya kabati. Ndevu zikikwaruza, unarudi nyumbani. Nyembe za plastiki za kutupa zilikuwa zimemjaza vipele shingoni mpaka akaiogopa kola ya shati lake mwenyewe. Ndipo akaona kwenye simu wanaume wanaonyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, unaonolewa miaka nenda miaka rudi. Mpya ulikuwa na bei ya wendawazimu. Lakini majirani hawakumwita Nusubei bure. Alikwenda kwa muuza vyuma chakavu, akachimbua sanduku, akatoka na wembe wa mpini mweusi, umeviringishwa ukanda wa ngozi uliokazwa kwa mafundo saba.

"Na ukanda wa kunolea kanipa bure," alisema, fundo la pili likiwa menoni. "Dukani huo peke yake ni bei ya viatu."

"Kaka, huyo aliyekupa bure alikuwa anacheka au analia?"

"Alikuwa kanipa mgongo. Alisema tu chukua, nenda."

"Basi hakukuuzia. Kakutwisha."

Tumpe haki yake: hakukurupuka. Aliutundika ukanda kwenye kitasa cha mlango wa bafu, akauvuta ukakazika, akapitisha wembe mgongo ukitangulia, kwenda na kurudi, ili makali yasiichane ngozi. Povu alilikoroga kwa sabuni ya kipande ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, kwa brashi ya rangi. Kisha akapuliza puto, akalipaka povu, akalinyoa polepole, maana ukilinyoa puto lisipasuke, mkono wako umeiva.

Puto halikupasuka. Lilitoa tone moja la damu.

"Umejikata," mkewe akasema.

Akamwonyesha vidole vyote kumi, mbele na nyuma. Vizima.

"Basi ni kutu."

Wembe ule haukuwa na hata doa moja la kutu.

Asubuhi ya kwanza shavu lilitoka laini, na meneja akapitisha kidole mara mbili asiamini. Asubuhi ya pili bafu lilianza kunuka shabu, ile ya kusugua usoni baada ya kunyoa, ingawa hawakuwa na shabu, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Asubuhi ya tatu mke aliamshwa na mlio wa wembe kwenye ngozi, chwa, chwa, chwa. Akasema moyoni, leo bwana kawahi. Kisha mumewe akageuka pale pale ubavuni mwake, usingizini, akamwekea mkono begani.

Mlio ukaendelea.

Siku ya tano ndevu zilikuwa zinarudi kabla ya saa sita mchana. Akawa ananyoa mara mbili, kisha tatu, na kila mara makali yakishuka kidogo: jana kidevuni, leo chini ya taya, na kesho kila mtu anajua kuna nini chini ya taya. Mke aliuficha wembe kwenye kopo la vifungo. Mume akaingia bafuni mikono mitupu, mkewe nyuma yake, na alipofika mbele ya kioo wembe ulikuwa mkononi.

"Si mimi ninayeshusha mkono," alinong'ona. "Nishike."

Mke hakumshika. Aliushika ukanda, akaugeuzia mwanga. Ngozi ilikuwa na maandishi, mistari saba ya wino mweusi, na mistari sita ilikuwa imekwisha kufutwa na makali.

"Mume wangu, huu haukuwa ukanda wa kunolea. Ilikuwa kamba. Kuna mtu alifungwa humu, na wewe kila asubuhi unamkatia kamba yake."

"Usinitishe, mke wangu. Nachelewa kazini."

Ndiyo, alisema hivyo! Akavuta ukanda mara moja zaidi, anole, na ukanda ukakatika, na komeo la mlango likajifunga, na wote wawili wakawa ndani ya bafu lisilotosha hata kutandika mkeka, ukuta mgongoni na sinki tumboni, dirisha dogo juu likifunikwa na mvuke ambao haukutoka kwenye maji yoyote.

Wifi alivuta kitasa kutoka nje mpaka kikambakia mkononi. Alipiga bega, akapiga teke, mlango ukanyamaza kama ukuta. Akakimbia kumleta mganga.

Mganga alikuja na mkoba wake, akakaa mbele ya mlango.

"Mwanangu, uko na nani humo?"

"Na mke wangu."

"Mbali na mkeo?"

Chwa, chwa, kutoka ndani.

"Mzee," mke akasema kutoka ndani, "kilichokuwa kimefungwa ni—"

"Mwanamke asiseme. Naongea na mwenye wembe."

Akasoma, akafukiza. Moshi ukaingia mweusi chini ya mlango, ukatoka mweupe, unanuka sabuni. Mganga akauangalia, akafunga mkoba, na viatu akavivalia barabarani.

"Wifi," dada mtu akanong'ona, midomo ikigusa mbao, "bado upo?"

"Nipo. Wembe wa kaka yako umekaribia koo. Nimemshika kiwiko kwa mikono miwili na ni kama nashika nguzo."

"Sikiliza. Huyo aliyefungwa, wote wanamfukuza, wote wanamfunga. Kuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini?"

Mke akainua macho. Kwenye kioo, mbele ya uso wa mumewe, kama nguo iliyotundikwa juu ya nguo nyingine, kulikuwa na uso wa pili, mkubwa, upande wa kulia laini kama yai, upande wa kushoto ndevu zilizoshuka mpaka zikapotea chini ya fremu, na juu ya ndevu hizo povu lililokauka miaka isiyojulikana, limepasukapasuka kama rangi ya ukuta wa zamani, na jicho la upande ule halikuwa na hasira hata kidogo, lilikuwa na aibu, na hiyo ndiyo iliyomtetemesha zaidi.

"Wewe," akasema. "Unataka nini?"

"Nimalizieni."

"Nini?"

"Kinyozi alifika nusu. Akatazama chini, akaona kwato. Akakimbia. Nilimwita, akarudi na ukanda." Uso ukakaribia. "Huyu wako najaribu kumfundisha. Mzito. Akishindwa leo, nitachukua shavu lake, nivae hilo."

Mume alianza kulia bila sauti. Mke akaona ngozi ya shavu lake la kushoto imeanza kuinuka pembeni, taratibu, kama bahasha inayofunguliwa kwa mvuke.

Miaka tisa alikuwa amefumua mishono kwa wembe mtupu, hariri za maharusi, uzi mmoja mmoja, bila kugusa kitambaa. Hakuna aliyewahi kuuita huo ustadi.

"Mwachie mkono," akasema. "Nipe mimi."

Vidole vya mume vikalegea. Akachukua wembe, akauinua hewani, umbali wa kiganja kimoja mbele ya uso wa mumewe, pasipokuwa na kitu, na makali yakakuta nywele, nene, za moto, zikaanza kuanguka sakafuni ndefu kama kamba na kujikunja zenyewe, naye akavuta ngozi asiyoiona kwa kidole gumba, akafuata mwelekeo wa nywele, akashuka shavuni, akazunguka taya, akafika kooni, makoo mawili, moja nyuma ya jingine, na hapo mkono ukasimama kwa sababu ukikosea moja umekosea yote.

"Usinikate," jini likanong'ona, kwa sauti ndogo kabisa, kama kila mtu anayekaa kwenye kiti cha kinyozi.

"Usimeze mate," mke akajibu, akamaliza.

Uso ukajigusa. Ukajigusa tena. Kioo kikabaki na mtu mmoja. Komeo likafunguka lenyewe, na mume akaangukia mikononi mwa dada yake, shavu limeiva kwa wekundu lakini liko mahali pake.

"Nautupa leo," akasema akihema. "Leo hii, mke wangu, naapa. Tokeni, tutoke wote."

Akatambaa mpaka mlango mkubwa. Akavuta. Akavuta miguu ikiwa imekita ukutani. Haukufunguka.

Bafuni, kwenye saruji, kulisikika kwato. Si za mmoja. Kukohoa kwa adabu, kusogezana, kisha sauti nzito ikauliza:

"Nani wa mwisho hapa?"

"Mimi. Ila huyo mama, wanasema, haumizi."

Wifi akatazama mlango mkubwa, akamtazama kaka yake sakafuni, akamtazama mke. Mke alikuwa anafuta makali kwenye upande wa gauni lake, taratibu, mbele na nyuma.

"Wifi," akasema, "naomba unichemshie maji. Mengi."