Jini wa Foleni ya Kwanza

Taa ilikuwa inawaka kwenye tundu lisilo na waya.

Fundi mitandao wa kituo cha simu za dharura aliinama akaitazama, akaigusa kwa kidole. Ruta ile, mashine inayoelekeza mawasiliano yote ya kituo, aliijua kama anavyoijua sura yake: tundu la mwisho halijawahi kuchomekwa kitu. Leo, mchana kweupe, lilikuwa linapepesa kijani, na chumba cha mashine, chenye kiyoyozi cha kugandisha mate, kilinuka udongo mbichi uliotoka kuchimbuliwa.

Ofisini walimwita Digrii, kwa kejeli, kwa sababu alikuwa nayo na bado kwenye karatasi zao aliandikwa "anayejitolea". Neno zuri hilo. Maana yake unatumikishwa na unashukuru.

"Mkuu," alimwambia bosi wake aliyesimama mlangoni, "kuna kitu kinapita humu, na kinapita mbele ya kila mtu."

"Please, Digrii. Simu si zinaingia? Acha drama."

Zilikuwa zinaingia, ndiyo. Ila tangu asubuhi watu walikuwa wanapiga tena kwa hasira: mlituambia gari linakuja, liko wapi? Na hakuna mpokea simu hata mmoja aliyewaahidi gari.

Digrii akafungua kompyuta. Kila kipande cha data kinachoingia kwenye ruta huwa na alama, kama mgeni mwenye kadi kifuani. Sauti za simu za dharura zina alama ya kwanza, hupita kabla ya wote. Barua pepe za wakubwa husubiri nyuma. Sasa foleni ya kwanza ilikuwa imefurika kitu kinachotoka kwenye lile tundu tupu, kimejibandika alama chenyewe, na ruta inakipigia saluti.

"Nani aliiambia ruta iamini alama ya yeyote anayeingia?"

Bosi akakohoa. "Mimi. Ilikuwa inasumbua. Nikaona kila mmoja aje na alama yake, yaishe."

"Bila kukagua?"

"Usinifundishe kazi."

"Ndivyo mnavyoajiri pia," alisema Digrii.

Simu yake ya mkononi ikatetemeka. Ujumbe wa mama yake: *Mdogo wako ameshikwa na uchungu, damu haikatiki. Nimepiga kwenu wakasema gari limetoka. Mbona halifiki?*

Alitoka mbio hadi ukumbi wa simu. Mpokea simu wa zamu, mama mtu mzima waliyemwita Bi Sauti, hakuwa na habari. Alimtuma dereva papo hapo. Haikupita muda, dereva akarudi hewani: "Mbona unanigeuza tena, mama? Umenituma sasa hivi, mara unasema nirudi kituoni?"

Bi Sauti alivua vipokea sauti kama vimemng'ata. "Si mimi," alinong'ona. "Wallahi si mimi, mwanangu. Lakini ni sauti yangu. Tumwite mganga."

"Mganga ni mimi."

Alirudi chumba cha mashine, na kila hatua ile harufu ya udongo ilizidi kumjaa puani, na taa za ruta, ambazo siku zote hupepesa kila moja kwa wakati wake, sasa zilikuwa zinawaka na kuzima kwa pamoja, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na alipovaa vipokea sauti ili asikilize kinachopita alisikia pumzi hiyo hiyo ikipanda na kushuka, kisha ikakatika, kisha mdogo wake akamwita.

"Dada. Usiguse alama. Ukizifuta simu zote zitakatika, nami nitakufa nikikuita."

Kuhusu simu kukatika, ilikuwa kweli.

"Mdogo wangu anavuja damu saa hii," akasema. "Hana pumzi ya kunieleza habari za ruta."

Sauti ikabadilika, ikawa nzito, ya chini ya ardhi. "Mimi ni wa mbele. Nilikuwa wa mbele kabla ya babu zenu."

"Kwa kibali cha nani? Umejiandikia mwenyewe."

Akaandika amri: anayeingia kwa tundu lolote avuliwe alama mlangoni, ruta yenyewe itoe mpya, simu za laini zetu za dharura mbele, wengine wote nyuma kabisa.

"Usibonyeze bila idhini yangu!" bosi alifoka kutoka mlangoni.

"With all due respect, mkuu, nyamaza."

Akabonyeza.

Ukumbi mzima ukafa kimya. Kitu kikapiga yowe ndani ya nyaya za dari, kikapita juu ya vichwa vyao, bosi akajibanza ukutani. Kisha simu moja ikalia. Zikalia zote.

"Dereva nimempata!" Bi Sauti alipiga kelele kutoka ukumbini. "Anakwenda kwa mama yako!"

Digrii hakukaa hadi mama yake alipopiga. "Wamefika, wameizuia damu. Mtoto analia hapa, analia kama wewe. Hizo simu zenu ni takataka!"

Kwenye kioo cha kompyuta, katika foleni ya mwisho, nyuma ya barua pepe zote za bosi, kitu kimoja kilikuwa kimesimama. Vipokea sauti vikanong'ona, safari hii kwa unyonge:

"Nipishe."

"Panga foleni," alisema Digrii, akavuta kiti. "Mimi niko humu nyuma tangu nihitimu."