Shuka Zilizonuka Moshi

Kila Ijumaa alipotoka shuleni, Nasimiyu alijua kazi inayomngoja. Alivua sare, akanywa chai iliyobaki kwenye chupa, kisha akaenda nyuma ya ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga walimoishi, kutazama kamba ya nguo. Mama yake aliajiriwa katika shamba la maua, na ili kuongeza kidogo cha jikoni, alifua foronya na shuka za boti ya kitalii iliyoitwa Mwari. Mama alifua alfajiri kabla ya kwenda kazini. Nasimiyu alianua, akakunja, na Jumamosi asubuhi akazipeleka gatini, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwao Karagita.

Mwari ilikuwa boti ya ghorofa mbili. Chini kulikuwa na chumba chenye madirisha ya vioo, ambamo wageni walijifunika shuka nyekundu za Kimaasai kwa sababu ya baridi ya Ziwa Naivasha. Juu, mahali pa wazi, alikaa nahodha Dalmas, baba yake Sue. Sue na Nasimiyu walikalia dawati moja katika gredi ya sita.

Mwenye boti alikuwa Madam Rahab. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi ng'ambo katika meli kubwa za kitalii, akitandika vitanda na kusafisha vyumba. Alirudi nyumbani na akiba ya kununua boti, pamoja na sheria zake. Sheria ya kwanza iliandikwa gatini kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUVUTA SIGARA NDANI YA BOTI. Mgeni aliyetaka kuvuta alionyeshwa benchi lililowekwa mbali, upande ambao upepo ulipeleka moshi kwenye mafunjo, na kando yake palikuwa na ndoo ya mchanga ya kuzimia vipande.

"Melini," Madam Rahab alizoea kuwaambia wafanyakazi wake, "sigara moja ikivutwa chumbani, moshi unajificha kwenye pazia na kwenye godoro. Anayekuja kulala kesho anaukuta. Yeye kosa lake ni nini?"

Wiki hiyo mvua ilinyesha karibu kila siku. Ijumaa Nasimiyu alikuta foronya zimekauka chini ya paa, lakini zile shuka nzito zilikuwa bado zinadondosha maji. Mama alikuwa ameacha maagizo asubuhi: "Zikikataa kukauka, zitandaze kwenye kamba ya ndani. Nikirudi tutazimalizia kwa pasi ya makaa."

Ingekuwa siku nyingine angefanya hivyo. Lakini jioni hiyo mwalimu wa michezo alikuwa anachagua timu ya netiboli, na kutandaza shuka zote hizo ndani ya chumba kimoja, katikati ya kitanda na masufuria, kungemchelewesha. Akatupa macho ng'ambo ya ua. Mama Micah, jirani yao, alikuwa na banda la mabati la kubanikia samaki. Siku hiyo hakuwa amepata samaki, lakini jivu lilikuwa bado na moto chini yake, na banda lilikuwa na joto kama jiko.

"Mama Micah, naweza kuanika humu kidogo?"

"Anika, mwanangu. Leo ziwa limeninyima."

Nasimiyu alipotoka uwanjani, akiwa amechaguliwa na moyo wake mwepesi, shuka zilikuwa zimekauka kabisa. Alizikung'uta jivu, akazinusa, hakusikia kitu. Akazikunja na kuzitia kwenye gunia safi.

"Kumbe zimekauka," Mama alisema aliporudi akiwa amechoka na kuliona gunia limefungwa. "Umezikaushia wapi?"

"Kwenye kamba ya ndani, Mama."

Ulikuwa uongo mdogo, naye aliulalia bila kugeuka.

Asubuhi kulipambazuka na baridi kali. Gatini Nasimiyu alimkuta Sue, aliyekuwa amemletea baba yake chakula, na Dalmas mwenyewe akitafuna njugu. Tangu aache sigara baada ya kukohoa miezi mingi, mfuko wake haukukosa njugu.

"Niaje, mabinti? Chukueni kidogo."

"Kapteni," alisema Jeff, kijana aliyepokea gunia ili atandike viti, "kwa njugu hizo utaota manyoya kama kasuku."

"Nikiota manyoya nitaruka, Jeff. Wewe utabaki hapa ukifunga kamba."

Sue alicheka kuliko wote. Alikuwa amemsihi baba yake kwa muda mrefu aache sigara, na siku Dalmas alipotupa pakiti ya mwisho alimshika Sue mkono akamwahidi kwamba hatarudi nyuma. Sue aliitangaza ahadi hiyo darasani kana kwamba baba yake ameshinda uchaguzi.

Madam Rahab alifika na wageni kutoka Milimani, mjini Nakuru: mama mmoja, dada zake, na mwanawe Travis, mvulana mwenye pumu. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo waliingia moja kwa moja chumba cha chini, wakafunga madirisha na kujifunika shuka. Boti iliondoka, Madam Rahab na Jeff wakiwamo. Nasimiyu na Sue waliketi kwenye ngazi za gati kusubiri, kwa kuwa Nasimiyu alikuwa achukue vya kufua.

Boti ilirudi mapema mno. Hata kabla haijafungwa, mama yake Travis alikuwa amesimama mlangoni akimshika mwanawe aliyekuwa akikohoa na kuvuta dawa kwa kile kifaa chake cha mdomoni. Taratibu kifua chake kilitulia. Lakini mama yake hakutulia.

"Madam, uliniambia hamna sigara humu. Nilikuuliza mara ngapi? Chumba kizima kinanuka moshi."

Madam Rahab aliwaomba radhi, akawarudishia pesa zao, akawasindikiza hadi kwenye gari. Kisha akarudi, akasimama mbele ya Dalmas.

"Nilikwambia nini siku nilipokurudisha kazini baada ya kile kikohozi?"

"Ulisema sigara moja na kazi imekwisha."

"Basi?"

"Sikuvuta, Madam."

"Moshi nimeunusa mimi mwenyewe. Jeff havuti. Mimi sivuti. Nani amebaki, Dalmas, viboko wa ziwani?"

"Madam, tangu Pasaka sijaigusa. Kweli kabisa."

"Lete ufunguo."

Dalmas aliutoa mfukoni, ukaja pamoja na njugu mbili tatu zilizoanguka kwenye mbao. Alimgeukia binti yake, akainua mikono kidogo kama mtu anayeonyesha kwamba haina kitu.

"Uliniahidi, Baba," Sue alisema kwa sauti ya chini.

"Na sijavunja."

Sue alitazama majini. Ndipo Nasimiyu alipozikumbuka shuka. Lile neno moshi lilikuwa limemfikisha kwenye banda la Mama Micah. Lakini je, si alizinusa zile shuka, asisikie kitu? Huenda ilikuwa sigara kweli. Alijaza shuka kwenye gunia upesi upesi, akaondoka na Sue bila kusema neno.

Njiani Sue alisema, "Akikosa kazi hii tutarudi kwa nyanya, Bondo. Ameshawahi kusema. Hata huu muhula siwezi kuumaliza." Kisha akaongeza, "Si kuhama kunaniuma. Ni vile alinidanganya."

Mama alirudi mchana kutoka kazini, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Alifungua gunia ili aloweke shuka. Mara akarudisha uso nyuma.

"Mbona hizi zinanuka kama banda la Mama Micah?"

"Mimi sisikii kitu, Mama."

"Utasikiaje? Unalala ukuta kwa ukuta na hilo banda. Mimi kutwa niko kwenye maua, ndiyo maana nasikia. Pua huzoea moshi, Nasimiyu. Kifua hakizoei."

Hapo palikuwa na njia mbili, na Nasimiyu aliziona zote. Angeweza kusema kwamba upepo ulipuliza moshi wa jirani hadi kwenye kamba. Mama angeamini. Shuka zingefuliwa, harufu ingetoka, na hakuna ambaye angejua. Sue angepanda gari na kwenda zake, akiamini maisha yake yote kwamba baba yake ni mwongo.

"Nilizianika bandani," alisema. "Nilikudanganya. Na leo Baba Sue amefutwa kazi kwa sababu ya huo moshi." Akaeleza kila kitu, toka netiboli hadi njugu zilizoanguka.

Mama hakumgombeza. Alifunga gunia tena, akalitwika. "Vaa viatu. Madam bado yuko gatini."

"Utamwambia, Mama?"

"Mimi? Mdomo uliosema uongo ndio utakaosema kweli. Mimi nitabeba gunia."

Madam Rahab alikuwa kwenye simu, akimtafuta nahodha wa Jumapili. Alikata simu alipowaona. Nasimiyu alisimama wima kama anavyosimama darasani akiitwa kujibu, na kwa kuwa alijua anachosema ni kweli, sauti yake haikutetemeka kama alivyoogopa.

"Madam, Baba Sue hakuvuta sigara. Moshi ulikuwa kwenye shuka. Nilizikaushia kwenye banda la samaki."

Madam Rahab alimtazama. "Wewe si rafiki ya Sue?"

"Ndiyo."

"Amekutuma uje useme hivi?"

Mama alitaka kufungua mdomo, lakini Nasimiyu alimtangulia. "Hajui nimekuja. Madam, kapteni hukaa ghorofa ya juu. Mto wa kiti chake unanuka? Kama alivuta, moshi ungekuwa kwake. Mbona ulikuwa chini kwa wageni, na madirisha yamefungwa?"

Madam Rahab alipanda ngazi za boti, akainua mto wa kiti cha nahodha, akaunusa upande huu na upande ule. Alipoteremka, Nasimiyu alikuwa amekwisha kufungua gunia. Alimpa shuka ya juu kabisa. Madam Rahab aliikunjua, na kwenye pindo lake, likiwa limenata kwenye nyuzi nyekundu, paling'aa gamba la samaki.

Alilibandua kwa ukucha, akaliweka kiganjani. Akakaa chini kwenye ngazi kama mtu aliyechoka ghafla.

"Mama Nasimiyu, unajua nilichofanya leo? Huko melini palikuwa na mgeni mmoja mzee. Nilinusa moshi chumbani mwake, nikamripoti, akatozwa faini kubwa. Alilia kwamba hajawahi kuvuta sigara. Baadaye tukagundua jirani yake alikuwa anavutia kwenye roshani, kinyume cha sheria, na upepo ukiuingiza moshi kwa mlango wa yule mzee. Nikajiambia sitarudia kosa hilo." Alitikisa kichwa. "Nimelirudia. Nilijua Dalmas alikuwa mvutaji, basi nikanusa nilichotarajia kunusa. Pafukapo moshi pana moto, sawa. Lakini mtu mwenye akili huuliza kwanza moto ni wa nani."

"Nisamehe, Madam," Nasimiyu alisema.

"Kwangu utalipa kwa kazi. Shuka hizi utazifua na mama yako kwa maji ya siki, na zitaanikwa juani hata kama jua litachukua wiki kutoka. Leo mtoto mwenye pumu amekohoa. Hilo si jambo la kucheza nalo. Nami nitampigia mama yake nimwambie ukweli. Lakini msamaha hasa hauko kwangu." Aliinuka, akachukua ufunguo. "Twendeni."

Walimkuta Dalmas nje ya chumba chake akitengeneza mguu wa meza, majirani wakiwa wameketi kwenye vizingiti vyao, nao waliacha mazungumzo walipomwona tajiri akija kwa miguu kwenye tope. Sue alikuwa mlangoni.

"Dalmas," Madam Rahab alisema bila kupunguza sauti, "asubuhi nilikuaibisha mbele ya watu. Sasa nakuomba radhi mbele ya watu. Hukuvuta." Akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Dalmas aliweka nyundo chini, lakini hakuupokea mara moja. Alimtazama kwanza binti yake. Nasimiyu ndiye aliyezungumza, akamweleza Sue yote, la banda na la uongo wake kwa mama, na alipomaliza alisema, "Sue, baba yako alikuambia kweli. Mimi ndiye nilinyamaza."

Sue alitoka mlangoni polepole, akamshika baba yake mkono, akaegemeza kichwa kwenye bega lake. Kisha akamgeukia Nasimiyu. "Nimekukasirikia," alisema, "lakini Jumatatu nihifadhie nafasi yangu kwenye dawati."

Dalmas alicheka, akaupokea ufunguo.

"Njoo hapa, Nasimiyu," alisema. "Leo nimekaa hapa mchana kutwa nikiujua ukweli wangu, na haukunisaidia hata kidogo. Nilisema sikuvuta, nani aliniamini? Hata mwanangu hakuniamini, na simlaumu, maana mtu akiacha tabia mbaya, watu huchelewa kujua. Ukweli wa mtu mmoja huhitaji shahidi, na wewe ulikuwa shahidi wa pekee. Ungenyamaza, hakuna ambaye angekuuliza. Ulikosea, ndiyo, lakini ulirudi kulitengeneza kosa wakati lingeweza kubaki mgongoni kwangu. Mkumbuke hilo nyote wawili. Ukiona mwenzako amebeba mzigo ambao ni wako, usingoje aanguke. Nenda ukaupokee."

Mama alimwekea Nasimiyu gunia la shuka kichwani. Lilikuwa zito, lakini alitembea nalo hadi nyumbani bila kuomba kupumzika.