Anayeitikia Sijambo

Jirani alipopita mlangoni na kuuliza, "Hujambo, mama mtoto?" fundi cherehani alikuwa amebana pini midomoni, anapinda gauni la mteja. Jibu lilitoka hata hivyo, tena kwa sauti yake mwenyewe: "Sijambo." Jirani akaridhika, akaenda zake. Fundi akatema pini kiganjani. Ulimi wake haukuwa umesogea.

Tangu ajifungue, watu walimuulizia mtoto tu. Mumewe kazi yake ilikuwa ya safari, usingizi ulikuwa wa kuibaiba, na mama mkwe akimkuta analia alimwambia aache kudeka. Basi kila alipojuliwa hali, kile kitu chenye sauti yake kiliitikia kwa niaba yake. Mume akipiga simu, sijambo. Mkunga, sijambo. Nacho kikazidi kunona, Mungu apishe mbali, nyumba ikajaa harufu ya maziwa yaliyochacha hata madirisha yakiwa wazi.

Mchana mmoja alikuwa anamwogesha mtoto, karai limejaa, mikono ikaanza kumwia mizito, na nyuma ya sikio ile sauti yake mwenyewe ikanong'ona polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Umechoka, mwachie, mimi sijambo, mwachie," na vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja huku yeye akivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Hodi," dada yake akaita, akaingia bila kungoja. "Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo," kikawahi.

Dada aliitazama midomo iliyofumba. Akamnyakua mtoto majini, akamfunga taulo, akakaa palepale sakafuni.

"Sijakuuliza wewe," akaiambia hewa, kwa sauti ya chini. "Nakufahamu. Uliitikia kwa niaba yangu pia nilipomzaa wa kwanza." Akamgeukia mdogo wake. "Hujambo?"

"Sijambo," kikasema darini. "Sijambo," ndani ya karai.

"Nitauliza mpaka kesho. Hujambo?"

Fundi akafumbua midomo. "Nina..." Gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka lenyewe, kwa kelele. "Nina jambo, dada. Namwogopa mwanangu. Natamani nilale nisiamke."

Gurudumu likasimama.

"Leo humwogeshi," dada alisema huku akimshika mkono. "Unalala, mimi nipo. Kesho tunakwenda hospitali, ukaseme hivyohivyo."

Simu ikalia. Dada akaipokea, akaiweka spika wasikie wote. "Hamjambo huko?" mume akauliza.

Wakasikiliza wote wawili, pumzi wamezibana. Hakuna kilichoitikia. Fundi akaisogelea simu.

"Rudi nyumbani, mume wangu," akasema. "Nina jambo."