Pampu ya Landrova Haigongi

Kila asubuhi Mwahija alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda shule. Siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Jumamosi, maana wanafunzi wa darasa lake walipewa kazi ya kuosha Landrova ya kijiji. Kijiji chao cha ujamaa, si mbali na Milola, hakikuwa na gari jingine, na watu waliringa nalo kama bwana harusi na kanzu yake mpya.

"Osheni, futeni, lakini msifungue kitu," dereva Klementi aliwaambia kila mara.

Jumamosi moja ya masika, Mwahija aliingia chini ya gari akaona kutu kwenye skrubu ya waya mmoja, karibu na pampu ya petroli. Nyumbani kwao, baba alipaka nguzo mafuta ya maganda ya korosho ili zisiliwe na mchwa. Kama yanalinda mti, yatashindwaje kulinda chuma? Basi akachukua bisibisi, akafungua skrubu, akapaka mafuta kichwa cha waya na chuma kilipokazwa, akakaza tena. Akajiona fundi hasa! Mafuta yale hayana huruma. Kesho yake vidole vilimbabuka, akawa anavificha ndani ya kanga.

Jumatatu, mdogo wake Huseni aliamka akitapika na kuhara. Kufika adhuhuri macho yake yalikuwa yamezama, hata machozi hana. Mwuguzi wa zahanati alisema apelekwe hospitali ya Lindi upesi. Klementi aliwasha Landrova; mama alimpakata Huseni mbele, Mwahija akakaa nyuma. Walivuka kijito cha kwanza salama. Walipokaribia cha pili, injini ilikohoa, ikazima.

Mvua ilizidi kumwagika. Nyuma yao kijito cha kwanza kilikuwa kimeshaimeza barabara, na mbele cha pili kilikuwa kinajaa. Hapakuwa na nyumba wala gari jingine. Palikuwa na mikorosho tu, na maji.

Klementi aligeuza swichi, akatega sikio. "Pampu haigongi," alisema. "Ikipata umeme hugonga tak, tak, tak, ikisukuma petroli. Sasa kimya."

Alitazama fyuzi, ilikuwa nzima. Akajitosa matopeni chini ya gari na taa yake ndogo ya kupimia. Alipoigusisha kwenye waya unaoleta umeme kwenye pampu, taa iliwaka.

"Umeme unafika," alisema kutoka chini. "Waya wa ethi nao, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, upo na umekazwa vizuri. Basi pampu yenyewe imekufa, na sina nyingine." Alitoka, akapangusa uso. "Dada, nitambeba mtoto mgongoni tuvuke kwa miguu."

"Kwenye maji yale, kaka Klementi?" mama aliuliza, akimkumbatia Huseni. "Si atakufa mkononi mwako?"

Mwahija aliogopa mno. Waya uliokazwa vizuri aliukaza yeye. Akisema, kijiji kizima kitajua nani kaharibu gari lao. Akinyamaza, Huseni atavushwa kwenye maji yale. Alibanwa mbele na nyuma, kama gari lenyewe.

Klementi alinyoosha mikono amchukue mtoto.

"Mjomba, ngoja!" Mwahija alipiga kelele. "Ule waya... mimi niliufungua. Niliupaka mafuta ya korosho." Akatoa vidole vyake ndani ya kanga.

Klementi alimkazia macho hadi Mwahija akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha alirudi matopeni, akafungua skrubu. Mafuta yalikuwa yameganda, meusi, yanang'aa kama rangi. "Umeme utapita wapi hapa!" aliguna. "Barabara ilipoutikisa waya tu, basi!" Alikwangua kwa kisu hadi chuma kikawa cheupe, akakaza tena. "Geuza swichi!"

Mwahija aligeuza.

Tak, tak, tak.

"Alhamdulillahi!" mama alisema. Walivuka kijito cha pili maji yakigusa milango.

Jioni, Huseni alikuwa kitandani hospitalini, ametundikiwa dripu. Mwahija alisimama akitazama sakafu. "Mama, nichape tu," alisema.

"Sikuchapi," mama alijibu. "Umeambiwa usifungue, ukafungua. Kwa hilo utamwomba Klementi radhi mbele ya wenzako. Lakini siku ile hukujua kwamba unaharibu. Leo barabarani ulikuwa unajua. Ungenyamaza, mwanangu, ningempoteza Huseni, na wewe ungeishi na siri hiyo peke yako hadi uzeeni. Ukikosa, sema mapema, kosa lingali linatengenezeka."

Mwahija alilia, mama akamvuta ubavuni. Kitandani, Huseni aliomba maji. Alikunywa taratibu, na hakuyatapika.