Nangoja Waniite

Kitinda mimba wa nyumba ile aliitwa na wote Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, na akikosa wa kuongea naye aliusemesha mlango. Kwa hiyo siku alipoburuta kiti cha plastiki hadi mlangoni, akaketi, akaweka mikono magotini na kukaa kimya mchana mzima, baba yake alifurahi.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Mtoto ameanza kuwa na adabu."

"Adabu au homa?" mkewe alijibu huku akitunga uzi kwenye sindano. Alikuwa fundi cherehani na alifanyia kazi sebuleni. "Mtoto wangu mimi hanyamazi bure."

Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu katika chuo kikuu cha umma. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kesi za wanafunzi: aliyeibia mtihani, aliyepigana, aliyelewa akavunja dirisha, aliyelaza mgeni bwenini. Kanuni zote alikuwa nazo kichwani, na wanafunzi walimwita Kifungu, maana ilikuwa nadra amalize sentensi bila kutaja kifungu cha ngapi. Alilijua jina hilo na halikumuudhi.

Chakula kilipoandaliwa, Chiriku hakuja mezani. Alitazama tu, hadi mama yake alipomwita. Hapo akasimama, akala, akarudi kitini. Siku iliyofuata alihitaji kuitwa mara mbili. Wiki ilipokwisha mama aliita mpaka sauti ikamkauka, akamshika mabega, akamtikisa, ndipo mtoto akainuka taratibu kama mtu aliyebeba gunia. Baadaye hata hilo likashindikana. Na kila jioni, vyombo vikishaoshwa na nyumba ikitulia, kilisikika kikohozi kidogo kutoka pale mlangoni, kikohozi cha mtu anayetaka watu wajue yupo lakini hataki kuwasumbua. Nacho hakikuwa cha mtoto, kilikuwa cha mwanamume.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya nguo iliyonyeshewa na haikuanikwa, imechanganyika na ile dawa ya kung'arishia sakafu wanayotumia kwenye maofisi. Mama alifua mapazia, akafua vitambaa vya viti, akapiga deki mara mbili kwa siku, lakini harufu ilibaki palepale ilipokuwa, ikimzunguka mtoto. Baba alipoinusa aliweka kikombe chini, asikinyanyue tena, kwa sababu aliijua korido yenye sakafu ya namna ile na alimkumbuka mtu aliyewahi kukaa humo.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye kesi ya kulaza mgeni bwenini. Karani alimwonyesha benchi la nje ya chumba cha kikao, akamwambia angoje mpaka aitwe. Wajumbe walichelewa, wakaenda kula, wakarudi wana haraka, na karani akatumwa mahali pengine. Kesi ilipofikiwa, mjumbe mmoja alisema, "Hayupo." Mlango ulikuwa nyuma ya mgongo wa mwenyekiti, na hakuna aliyeinuka kuufungua. Kwa kanuni, asiyefika huamuliwa bila yeye, tena kwa kosa la dharau. Wakamfukuza chuo. Jioni mfagiaji alipokuja kufunga korido alimkuta kijana bado ameketi, mikono magotini. Akamwambia watu walishaondoka zamani na kesi zimekwisha. Kijana akatoka kwenye mvua, na lori likamgonga barabarani kabla hajafika kituoni.

Mtabibu waliyemwita alikuja na pikipiki. Alivua kofia ngumu, akamzunguka Chiriku, akainama, akamnusa utosini.

"Wafu hawarudi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini. Wapo wanaokaa mahali watu wanapongojea kwa hofu. Ameokota kungoja kwa mtu, akajivika kama koti, na wewe, mzee, umetoka naye kazini bila kujua."

"Mtoe basi," alisema mwenyekiti.

"Nimtoe kwa kosa gani? Ameambiwa akae, amekaa. Aliyemwambia akae ndiye amwinue. Ila msichelewe. Kila siku anazidi uzito, na mtoto wenu yuko chini yake, amekaliwa."

Mchana uliofuata wakamleta karani. Alisimama mbele ya mtoto, jasho likimtoka, akatamka jina kamili la kijana kama alivyopaswa kulitamka siku ile. Midomo ya Chiriku ikafunguka, na sauti nzito, ya upole, ikatoka ndani yake.

"Nangoja waniite."

"Unaitwa sasa," alisema mwenyekiti. "Mimi ndiye mwenyekiti. Ingia."

"Nangoja waniite."

Karani akarudi nyuma mpaka akagonga cherehani. "Mzee, huyu hatusikii sisi," alinong'ona. "Si sisi anaotungoja."

"Mama wa kijana huyo anaishi wapi?" mke wa mwenyekiti aliuliza.

"Kwa utaratibu, mimi siruhusiwi kuonana na familia ya..."

"Baba Chiriku!" Hakupaza sauti. "Mtoto ananifia hapa, unanitajia utaratibu?"

Walimbeba na kiti chake, maana hawakuweza kumtenganisha nacho. Wanaume wanne wa jirani waliinua mtoto wa miaka sita kwa kuguna kama wanaoinua kabati la chuma, wakampandisha nyuma ya gari la mizigo, na njia nzima mama yake alikaa karibu naye akimpepea, akisikia pumzi zinavyopungua, akisikia na kile kikohozi cha adabu kinavyozidi.

Mama wa kijana alikuwa dobi. Walimkuta uani kwake, katikati ya kamba za nguo mbichi, akifua kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa meupe.

"Nani?"

"Ni mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, mama."

Mikono ilisimama ndani ya beseni. "Umekosea nyumba. Unayemtafuta hayupo."

Mwenyekiti alisogea karibu na beseni. "Siku ile alikuwepo," alisema. "Alikuwa nje ya mlango wetu. Sisi ndio tuliomsahau. Nimekuja kukuambia."

"Kuniambia mimi?" Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Huyo mgeni aliyemlaza ndiye mimi. Nilikuja kutibiwa macho, sina pa kulala. Akanipa kitanda, yeye akalala chini. Siku ya kesi alinipigia simu akiwa kwenye benchi lenu. Akasema, mama, nangoja waniite. Akapiga tena. Mama, wamekula, wamerudi, hawaniiti, nigonge? Nikamwambia usigonge, baba. Wakubwa hawagongewi mlango. Kaa na adabu zako, watakuita tu."

Mke wa mwenyekiti akamshika mumewe mkono. Na pale walipokiteremsha kiti, nyuma yao, kikohozi kikasikika.

Dobi aligeuka. "Nani amekohoa?"

Alikuja akipapasa hewa, mikono ikidondosha povu, hadi ikafika kwenye kichwa kidogo chenye mabutu ya nywele. Haikujali mabutu. Ilishika mashavu.

"Baba?"

"Nangoja waniite, mama."

Fundi cherehani alipiga magoti. "Mama, nakuomba. Wewe ndiye uliyemwambia akae. Mwambie ainuke. Wangu yuko chini yake."

"Nikimwambia ainuke, ataenda wapi?"

Fundi cherehani akaushika upindo wa khanga ya dobi.

"Niachieni kidogo," alisema dobi. "Hamkunipa hata nafasi ya kumuaga."

Midomo ya Chiriku ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Mwenyekiti alifungua kinywa, lakini mkewe akamkatalia kwa kichwa, akajing'ata kidole asipige kelele, kisha akasema, "Kaa naye, mama."

"Umelowa," dobi alimwambia aliyeketi.

"Mvua ilinikuta."

"Umekula?"

"Bado. Nilitaka kuwaeleza kuwa ulikuwa mgonjwa."

"Wameshajua, baba. Na macho usiyahangaikie, nimeshazoea." Alimfuta uso kwa upande wa khanga yake, polepole, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Kisha akasimama wima. "Haya. Inuka. Mama anakuita."

Miguu ya kiti ilitoa mlio. Viatu vya mtu mzima vilisikika juu ya udongo, vikawapita, vikaelekea njiani, na kule kwenye kamba shuka mbichi zikafunuka moja baada ya nyingine, bila upepo, zikimpisha asiyeonekana, mpaka ya mwisho ikarudi mahali pake ikatulia.

"Mama, nina kiu," alisema Chiriku. Kisha akauliza kwa nini wako kwa watu, na kwa nini baba analia, na zile shuka ni za nani. Mama yake alimbeba, na safari hii alikuwa mwepesi.

Mwenyekiti alipanguza uso. Akainama kukichukua kiti arudi nacho garini, akakuta dobi ameshafika, amepiga magoti, kiganja amekitandaza juu ya kikalio.

"Kiache," alisema. "Bado kina joto."