Mkanda wa Cherehani

Mimi ni seremala, na ubishi nimezaliwa nao. Mke wangu ni fundi cherehani. Zamani alikuwa anaanza kushona alfajiri, kabla hata sijanawa uso. Nilikuwa nalalamika: "Mama watoto, utatupasua masikio!"

Kisha akaugua saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akaanza kutundikiwa dripu za dawa. Nikamwambia, "Kazi yako sasa ni kulala tu." Namjua, hasikii. Basi nikauchomoa mkanda unaozungusha cherehani, nikautundika kwenye msumari juu ukutani.

Angeweza kuuchukua kwa mkono wake mzima, ule usio wa upande wa upasuaji. Hakuugusa. Aliutazama tu, akanigeuzia mgongo.

Wiki zikapita. Akienda bafuni, anashika ukuta. Mkono wa upande wa upasuaji ukakakamaa. Hata kichwani haukufika.

"Mume wangu, naozea kitandani," alisema. "Nitashona tena kweli?"

Nikamfunika shuka. Niliogopa mno kumpoteza.

Siku moja jirani yetu, ambaye ni nesi, alikuja kumjulia hali. Akauona mkanda.

"Shemeji, huo unafanya nini huko juu?"

"Namlinda mke wangu."

"Makubwa! Unamlinda au unamfunga? Kupumzika ni lazima. Lakini mwili ukilala tu, misuli inakwisha na viungo vinakaza."

"Atafanyaje mazoezi, na uchovu wote huu?"

"Kutembea kidogo kidogo kunapunguza uchovu huo. Ila kwanza muulizeni daktari. Kila mgonjwa na hali yake."

Tulikwenda. Daktari alikubali. Mtaalamu wa mazoezi akamwonyesha mke wangu la kufanya: asimame mbele ya ukuta, avipandishe vidole ukutani polepole mpaka mkono uvutike, asijilazimishe akisikia maumivu. Pia atembee dakika tano, aongeze taratibu.

"Akipata homa, kizunguzungu, maumivu ya kifua au akikosa pumzi, aache, mje hospitali haraka," alisema.

Siku ya kwanza tulifika getini tu. Alilia. Nami nililia, mwanamume mzima.

Kila Jumamosi aliweka alama kwenye ukuta ule wenye msumari kwa chaki yake ya kukatia nguo, pale vidole vilipofika. Wiki ya dripu alama ilishuka. Alikata tamaa, akaitupa chaki.

"Wiki hii pumzika zaidi," nesi alimwambia. "Tembea humu ndani tu. Utaendelea ukipata nafuu."

Niliokota chaki, nikaiweka karibu na kitanda. Jumatatu iliyofuata aliichukua mwenyewe. Jioni tukatoka. Alinitania, "Twende, mzee wa ubishi, au umechoka wewe?"

Dripu zikaisha. Tulitembea mpaka sokoni na kurudi. Alama za chaki zikakaribia msumari.

Asubuhi moja nilikuwa uani napiga randa mlango. Nikasikia cherehani. Nikaacha randa, nikakimbia ndani. Mkanda ulikuwa mahali pake. Mke wangu alikuwa anashona.

"Umeuchukua kwa mkono upi?" nikauliza.

Aliacha kushona. Aliunyanyua ule wa upasuaji, mpaka juu ya kichwa.

"Mama watoto," nikasema, "utatupasua masikio."

"Na yapasuke," akajibu.

Daktari bado anamwangalia kila baada ya miezi mitatu, na kesho hatuijui. Lakini siku ile nilichukua nyundo, nikaung'oa ule msumari.